Aliyeshika Miguu ya Ngazi

Wazazi wenzangu, na nyinyi watoto wetu mliotawanyika maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji, kutafuta dhahabu, sogeeni mnisikilize. Jina langu ni Scolastika. Naongoza jumuiya ndogo ya kanisa kijijini kwetu, pembeni mwa barabara itokayo Ushirombo kwenda Katoro. Watu husema mdomo wangu hauna mlango. Ni kweli, na leo sina mpango wa kuutafuta huo mlango.

Nianze na jambo zuri, maana lilikuwepo. Asubuhi ya Jumamosi, miaka michache iliyopita, ungepita kwa jirani yangu Mbuke ungemkuta mwanawe Masalu yuko juu ya ngazi, ana kitambaa chenye maji, anafuta vumbi kwenye paneli ya sola iliyofungwa juu ya kibaraza. Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika upande wetu, na vumbi la malori yanayobeba mawe ya dhahabu halina simile. Paneli isipofutwa, betri inakufa na nyumba inalala giza. Chini ya ngazi alisimama Mbuke mwenyewe, khanga kiunoni, nyayo zake amezikaza kwenye miguu ya ngazi, anamtazama mwanawe huku anatabasamu.

"Mayu, umeshika?" Masalu aliuliza. Sisi Wasukuma mama ni mayu, hata ukiwa na ndevu.

"Nimeshika baba. Wewe futa."

"Usiachie hata mbu akikuuma."

"Mbu aniume tu. Sijamzaa mbu, nimekuzaa wewe."

Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimefuata ungo wangu ambao Mbuke huazima na kusahau kwamba una mwenyewe. Masalu aliposhuka, alikaa chini kunywa uji, akaanza kutusomesha. Alikuwa mchimbaji, mwanaapolo kama wanavyojiita, na kule duarani alisifika kwa kufunga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo zisiwaangukie watu.

"Mwamba una tabia yake, mayu," alisema. "Hausukumi kwenda unakotaka wewe. Unasukuma kutoka usoni pake, moja kwa moja. Ukuta ukiwa umeinama, na gogo lako liinamishe, liutazame ukuta uso kwa uso. Vijana wageni wanalisimamisha wima kama nguzo ya nyumba, kwa sababu ndivyo walivyoona kwao. Ukuta ukisukuma, gogo linateleza. Hapo ndipo tunaanza kufukuana."

"Yesu na Maria!" Mbuke alisema. "Na ngazi je?"

"Ngazi ni hivyohivyo. Ukuta huu nimeupiga rangi ya mafuta, ni laini. Kitu inachopata ngazi kwake ni kusukumwa kuja nje, basi. Haubebi chochote. Sakafu nayo ni laini, inaibeba ngazi kwenda juu, basi. Sasa ukuta ukisukuma kuja nje, miguu ya ngazi inataka kukimbilia uwanjani. Nani anairudisha?"

Mbuke alifikiri, akatazama huku na huku.

"Simwoni mwingine. Labda mimi."

"Ni wewe, mayu. Ukitoka wewe, mimi niko chini."

Jamani, yule mama alifurahi! Nilimwona anajinyoosha mgongo. Mjane wa umri wake, ambaye hana tena mtu wa kumpikia, kuambiwa kwamba bila yeye mtoto wake anaanguka! Kwa wiki nzima alikuwa akiniambia kisimani, "Unajua, Mama Jumuiya, mimi ndiye ninayeizuia."

Sasa niwaeleze kuhusu hiyo nyumba, maana nyumba ndiyo iliyotufikisha hapa.

Zamani Mbuke na marehemu mume wake, mzee Maduhu, walikaa kwenye nyumba ya tofali mbichi, sakafu ya udongo. Mzee Maduhu alikuwa na ngazi ya miti, na pale ilipozoea kusimama alichimba vishimo viwili vya kuingiza miguu yake. Ukuta ukiisukuma ngazi kuja nje, ukingo wa kishimo unaisukuma kurudi ndani. Alipanda na kushuka peke yake mpaka anazeeka, na hakuanguka. Kupita katikati ya uwanja wao kulikuwa na njia ya kisimani. Kila mwanamke wa kijiji alipita hapo na ndoo, kila mmoja alisema hodi, na wengi hodi zao ziliishia kwenye kigoda na karanga.

Halafu duara la Masalu likatema. Dhahabu ilitoka, na Masalu akafanya kile ambacho kila mtoto mwema huahidi: akamjengea mama yake nyumba. Simlaumu kwa hilo. Akabomoa ile ya udongo, akapandisha nyumba ndefu yenye madirisha ya vioo. Akaweka marumaru kuanzia sebuleni, kibarazani, hadi ukingo wa uwanja. Vishimo vya baba yake vikafukiwa chini ya marumaru, na nani angekumbuka vishimo? Kisha akazungusha ukuta wenye vipande vya chupa juu, akaweka geti la chuma. Njia ya kisimani ikahamia nyuma, ikazunguka mbali.

"Mayu, usiruhusu watu wenye matope waingie ovyo," alimwambia. "Hii siyo nyumba ya zamani."

Mbuke alitii. Alikuwa mtu wa kutii. Nasi tukajifanya wanyonge. Ungemsikia mtu anasema, "Kule kwa matajiri utavua ndala wapi?" Ndala zenyewe zimetoboka! Wengine walikuwa na wivu wakauita heshima. Mimi nilikuwa napiga hodi getini, lakini geti lile lilikuwa mbali na mlango, na mpaka akusikie umeshaota mizizi. Hodi zikapungua. Mbuke akabaki anapiga deki. Alipiga deki kila asubuhi, kibaraza kizima, kwa ajili ya wageni ambao hawakuja.

Masalu naye akapata duara la pili, upande wa Bugarama, na mashine ya kusagia mawe Katoro, ile wanayoiita karasha. Jumamosi zikaanza kuruka. Mwanzoni aliruka moja, akaomba msamaha. Kisha akaacha kuomba msamaha, akaweka simu ya Jumapili asubuhi. Nayo ilikuwa ndefu, ikawa fupi. "Shikamoo mayu, umeamkaje, nimekutumia kitu, haya." Mbuke angeniambia Jumapili kanisani maneno yote aliyoambiwa, na niwaambieni ukweli, alimaliza kuyasimulia kabla hatujafika kwenye benchi letu.

Kazi ya kufuta paneli ikakosa mtu. Taa zikawa zinafifia, zikazima. Ngazi ya aluminiamu ililala nyuma ya nyumba, raba za miguuni zikang'oka.

Karibu na mvua za vuli mwaka jana, Masalu alipiga simu akasema jambo jipya. Jumapili inayofuata atapiga amwambie siku atakayokuja na mkewe Ritha na watoto. Watakaa wiki nzima. Mbuke alinisimamisha barabarani, uso unang'aa.

"Wiki nzima, Mama Jumuiya! Yule mdogo hata hajanijua."

"Utachoka kupika," nilimwambia.

"Nichoke tu. Nimepumzika sana."

Haya yanayofuata alinisimulia mwenyewe.

Jumamosi, siku moja kabla ya simu, alitazama kitochi chake, ile simu ndogo ya vibonye, akaona chaji imebaki kijiti kimoja. Betri ya sola ilikuwa imekufa kwa sababu ya vumbi. Angeweza kuipeleka simu dukani kwa Athanas ichajiwe. Angeweza kuniletea mimi. Lakini Masalu aliwahi kumkataza asitembee na simu akiomba chaji, watu wasije wakacheka kwamba ana nyumba kubwa isiyo na umeme. Kwa hiyo akachomeka simu ukutani, akapiga deki kibaraza kama kawaida, maana hata siku ya shida wageni wanaweza kuja, kisha akaenda kuburuta ngazi.

Akaiegemeza palepale alipokuwa anaiegemeza Masalu. Marumaru hayakuwa yamekauka.

"Nilijua," aliniambia. "Nilikumbuka alivyosema, kwamba ukuta unasukuma kuja nje. Nikatafuta mtu wa kushika. Nikaita getini, 'Jamani, kuna mtu?' Hakupita mtu. Nikasema basi, nitapanda polepole."

Wapendwa, upole hauna maana kwa ukuta laini. Ukuta haujui kwamba wewe ni mzee, wala haujui kwamba unamngoja mtoto. Alipokuwa chini kwenye vidato vya kwanza, uzito wake ulikuwa karibu na miguu ya ngazi na ngazi ikatulia. Ndiyo sababu alipata moyo. Kadiri alivyopanda, ndivyo uzito wake ulivyouegemea ukuta, na ukuta ukazidi kurudisha kwa kusukuma kuja nje. Aliponyoosha mkono kuifikia paneli, miguu ya ngazi ikakimbia kwenye yale maji. Mbuke alianguka kwa ubavu. Alisikia kitu kimevunjika, akadhani ni marumaru.

Yalikuwa yote mawili.

Hakuweza kuinuka. Hakuweza kujiburuta, kwa kuwa kila alipojaribu nyonga ilimkata kwa maumivu. Aliita mpaka sauti ikakauka. Nyuma ya ule ukuta wa chupa wanawake walipita na ndoo zao, wakiongea na kucheka, lakini njia ilikuwa mbali. Jua lilimpiga, likazama. Usiku mvua ya kwanza ikanyesha, akanywa iliyomdondokea mdomoni. Mvua hiyohiyo ikaiosha paneli ikawa safi kabisa. Hapo aliponisimulia, alicheka kidogo, na mimi nikashindwa kucheka.

"Ulikuwa unawaza nini usiku wote?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nawaza Masalu atapiga na mimi siko karibu na simu. Ataona nimemdharau."

Asubuhi ya Jumapili nilikuwa naelekea kanisani. Barabara ilikuwa na matope, kwa hiyo niliambaa na ukuta wa Mbuke, ninakopita mara chache. Ndipo niliposikia simu inalia ndani. Ikaita, ikakatika. Ikaita tena. Nikasimama. Mbuke na simu ya Jumapili! Yule mama huikamata kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Anakaa nayo mapajani tangu kunakucha. Ikaita mara nyingine, na katikati ya mlio nikasikia sauti, nyembamba, ya mtu aliyechoka.

"Niko hapa baba. Niko kibarazani."

Alikuwa anamjibu. Simu iko ndani ya nyumba imechomekwa ukutani, yeye amelala nje kwenye marumaru, na kila ikilia anaijibu.

Nilipiga kelele kijiji kikasikia. Geti lilikuwa na komeo kwa ndani. Athanas alikuja mbio na pikipiki yake. Tulitafuta ngazi, tukakumbuka ngazi iko upande wa pili. Athanas akaegesha pikipiki kwenye ukuta, akavua koti akalirusha juu ya chupa.

"Mama Scola, nishikie hii isiende," alisema.

Nikakandamiza pikipiki kwa tumbo langu hili mnaloliona, akapanda juu ya kiti chake, akaruka. Alipofungua geti, tulimkuta Mbuke anatetemeka, midomo imepasuka. Kitu cha kwanza aliniambia, "Simu."

"Tutampigia sisi," nilimwambia. "Nyamaza mama, nyamaza."

"Mwambie sijamdharau."

Tulimfikisha hospitali siku hiyohiyo. Paja lilikuwa limevunjika karibu na nyonga. Masalu alifika jioni, na gari lake limejaa tope hadi juu. Hakunisalimia, na mimi ndiye niliyemfunga kitovu. Alianza kufoka palepale kwenye korido.

"Nani alimruhusu kupanda ngazi? Mama mzee! Kijiji kizima mlikuwa wapi? Na yule aliyeniuzia ile ngazi, nitamtafuta!"

Nilimwacha amalize. Nami nina hasira zangu, na nilikuwa sijala tangu jana yake.

"Masalu," nilisema, "shikamoo hujanipa, lakini marahaba. Kule duarani kwako, mtu anashuka shimoni peke yake?"

"Hapana. Haiwezekani. Lazima mtu abaki mdomoni mwa shimo ameshika kamba."

"Asipokuwepo?"

"Hashuki mtu. Hiyo ni sheria."

"Na mama yako ulimwachia nani mdomoni?"

Wauguzi walikuwa wanapita na vitanda vya wagonjwa, Masalu akawapisha, akajibana ukutani.

"Pale ulipopiga simu asubuhi," nikamuuliza, "ulikuwa unamwambia mnakuja lini?"

Alijibu akiwa anatazama sakafu. "Nilikuwa napiga kumwambia kwamba siwezi kuja. Kazi zimebana."

Mimi, Scolastika, niliyewaambia mdomo wangu hauna mlango, nilikosa neno la kumwambia.

Tukaingia wodini. Mbuke alikuwa ameamka, mguu wake umefungwa na kuvutwa kwa uzito. Alipomwona mwanawe alijaribu kujiweka sawa, kama mwenyeji aliyefumwa na mgeni kabla hajafagia.

"Baba, umekuja na Jumapili hii! Karibu." Akamshika mkono. "Nisamehe mwanangu. Nimekupasulia marumaru."

Masalu alipiga magoti pale chini na kukilaza kichwa chake kwenye godoro. Mama yake akawa anampapasa kichwani, anamuuliza kama amekula.

Mbuke alikaa hospitali muda mrefu. Walimfanyia upasuaji, wakamweka chuma, lakini mguu haukurudi kuwa mguu. Alirudi nyumbani Januari na kitembezi cha chuma cha kushikilia kwa mikono miwili. Masalu alikuja naye, pamoja na Ritha na watoto, na mimi nilikuwa jikoni nachambua mchicha na Ritha. Mvua ilikuwa imekatika kwa siku kadhaa, malori yamerudi barabarani, na vumbi limerudi juu ya paneli. Masalu akatoa ngazi, akaiegemeza kwenye ukuta uleule. Mbuke alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki.

Masalu alipanda kidato cha kwanza na cha pili. Ngazi ikalia kwenye marumaru, mlio mdogo tu wa kukwaruza. Akasimama. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Aligeuza kichwa akatazama chini, kwa mazoea, mahali mama yake alipokuwa akisimama. Hapakuwa na mtu.

"Ngoja," Mbuke alisema.

Akashika kitembezi chake. Akainuka kidogo, akakisukuma kiti kwa makalio, akatua. Akainuka tena. Umbali wenyewe ni wa kuruka mtoto, lakini alihema kama aliyetoka kisimani. Alipofika kwenye ngazi, akageuza kiti, akaunyoosha mguu wake mzima, akaukaza kwenye mguu wa ngazi. Ule mwingine akauacha pembeni.

"Haya, panda baba," alisema. "Nimeshika."

Masalu hakupanda. Alibaki pale kidatoni, mikono imekumbatia ngazi. Kisha akashuka, akakaa chini kwenye marumaru miguuni kwa mama yake, akalia kwa sauti mbele ya watoto wake. Mtoto wake mdogo, yule ambaye hakuwa anamjua bibi, alishtuka akakimbilia kwa bibi.

"Mayu, nilikuacha," Masalu alisema.

"Hukuniacha. Ulinijengea nyumba."

"Nyumba haijakushika."

"Ah," Mbuke alisema, "nayo ingenishika wapi? Hukuniambia mwenyewe kwamba ukuta unasukuma tu?"

Hakumsema kwa ubaya. Ndivyo alivyokuwa ameelewa, na aliona ajabu kwamba mwanawe amesahau somo lake mwenyewe.

Baadaye mchana Masalu alichukua sururu. Tulimsikia anavunja marumaru, yale ya bei, pale chini ya paneli. Ritha alitaka kutoka, nikamshika mkono. Masalu alichimba hadi akaufikia udongo, akatoa vishimo viwili, akaingiza miguu ya ngazi, akaitikisa. Haikukimbia. Hata hivyo hakupanda mpaka alipomwita Athanas aje asimame chini. Kabla ya kuondoka aling'oa komeo la geti, na njia ya kisimani ikapita tena uwanjani, pamoja na matope yake.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri yote. Masalu alirudi Katoro, kazi iko huko. Anakuja Jumamosi, na akiruka moja nampigia mimi mwenyewe, na mdomo wangu anaujua. Wanawake wanapita na ndoo, wanakaa kidogo. Lakini Mbuke hafiki tena kisimani wala kanisani, na siku ni ndefu. Jioni, watu wakishapita wote, ukichungulia utamkuta kibarazani peke yake, kitembezi mbele yake, anavitazama vile vishimo viwili.

FUNZO

Wazazi wenzangu na watoto wetu, vitu vinavyogusana vinasukumana, na kila kimoja kinasukuma kwa upande wake tu. Ukuta laini unasukuma kuja nje, usiutegemee ukubebe. Sakafu laini inabeba kwenda juu. Usiitegemee izuie mguu usikimbie. Ukitaka kupanda ngazi mahali kama hapo, ichimbie vishimo au mweke mtu chini, na kama huna vyote viwili, shuka. Hilo ni la kwanza, na ni la kuwafundisha watoto leo hiihii, maana sasa kila anayepata dhahabu anaweka marumaru.

La pili mmeshaliona. Masalu hakuwa mtoto mbaya. Alitoa nyumba, alitoa pesa, alitoa simu ya Jumapili, na kila kimoja kilifanya kazi yake. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoweza kusimama chini ya ngazi. Nasi majirani tuliogopa geti tukajiita wenye heshima, huku mwenzetu analala kwenye maji upande wa pili wa ukuta. Anayeshika miguu ya ngazi ni lazima awe pale, mwili wake ugusane na ngazi. Kwa mbali hakuna kushika.

Basi wewe uliye Katoro, au Bugarama, au kokote ulikozama, ambaye una mzazi peke yake kwenye nyumba nzuri: ukimaliza kusikia haya, usimpigie simu. Nenda.